Msumeno wa Forodha Ukate Pande Zote

Miongoni mwa maafisa wote ambao msafiri hukutana nao njiani, hapana anayemtia mtu kiwewe kama afisa wa forodha. Afisa wa uhamiaji huitazama pasipoti, akailinganisha picha na uso, akapiga muhuri, yakaisha. Afisa wa forodha hana haja na picha. Ataka kuona kilichomo sandukuni. Atafungua zipu, atainua shati baada ya shati, atanusa pakiti ya majani ya chai, atauliza kisa cha chupa iliyoviringwa kwa gazeti. Mtu aliyeishi umri wake wote bila ya kuiba hata sindano hujikuta akitokwa na jasho mbele ya meza hiyo, kana kwamba begi lake limegeuka kuwa shahidi dhidi yake. Vijana wetu wanaokwenda kusoma Ulaya huipitia meza hiyo kila mwaka, na wengi huifikia wakiwa hawajaambiwa neno lolote juu yake.

Nakusudia leo kulizungumzia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, naamini kwamba sehemu kubwa ya hofu ya forodhani hutokana na kutojua, na dawa ya kutojua imo mikononi mwa mwalimu. Pili, ipo hofu nyingine ambayo haitokani na kutojua hata kidogo: ni hofu ya mtu ajuaye kwamba atasimamishwa yeye, si kwa sababu ya mzigo wake, bali kwa sababu ya rangi yake. Hofu ya kwanza twaweza kuiondoa wenyewe. Ya pili sharti tuikatae, na tuikatae kwa hoja wala si kwa matusi.

Forodha si jambo geni kwetu. Mji Mkongwe wa Unguja una Forodhani yake, na jina hilo limehifadhi kumbukumbu ya mahali ambapo shehena zilishushwa kutoka majahazini na kutozwa ushuru. Neno lenyewe tulilipokea kutoka kwa Waarabu pamoja na pepo za msimu na biashara zake. Katika karne ya 19, masultani wa Unguja walikuwa na desturi ya kuikodisha kazi ya kukusanya ushuru kwa matajiri wa Kihindi. Tajiri alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, naye akabaki na kilichozidi. Kwa hivyo, mwanafunzi asidhani kwamba meza ya ukaguzi ilizaliwa pamoja na ndege. Popote palipokuwa na bandari palikuwa na mtu aliyesimama akiuliza: umebeba nini, na thamani yake ni kiasi gani?

Tukienda Ulaya, tunakuta bara ambalo kwa karne nyingi lilijaa maswali hayo kila baada ya safari fupi. Kuna mji uitwao Baarle ambao sehemu yake ni ya Uholanzi na sehemu ni ya Ubelgiji, vipande vya nchi hizo mbili vikiwa vimechanganyika kama viraka vya kanga. Mpaka hupita katikati ya nyumba za watu, na uraia wa nyumba huamuliwa na mahali ulipo mlango wake wa mbele. Zamani siagi ya Uholanzi ilivushwa hapo kwa magendo kuingia Ubelgiji, ambako bei yake ilikuwa juu zaidi. Mtu aliweza kuwa mlanguzi kwa kuvuka barabara tu. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Wazungu wenyewe walichoshwa na hali hiyo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 uliziunganisha nchi sita, na kufikia tarehe 1 Julai, 1968 nchi hizo zilikuwa zimeondoleana ushuru wa forodha na kuweka ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje. Tarehe 1 Januari, 1993 ukaguzi wa bidhaa katika mipaka ya ndani ya Umoja wa Ulaya ulikoma. Kwa upande wa watu, nchi tano zilitia sahihi mkataba mwingine mwaka 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, ndani ya meli iliyotia nanga katika mto Moselle. Mkataba huo ulianza kutekelezwa mwezi Machi, 1995. Leo msafiri aweza kutoka Lisbon hadi Warsaw akipita karibu na vibanda vya forodha vilivyobaki vitupu, baadhi vikiwa vimegeuzwa mikahawa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, na ningependa walimu walitilie mkazo jambo hili darasani. Mpaka wa watu na mpaka wa bidhaa ni mambo mawili tofauti. Uswisi na Norwe zimo katika mpango wa Schengen, lakini hazimo katika umoja wa forodha wa Ulaya. Mtu aliye na viza ya Schengen anayetoka Ujerumani kuingia Uswisi huenda asiulizwe pasipoti kabisa, lakini akasimamishwa na kuulizwa juu ya nyama na mvinyo. Katika miji ya Konstanz na Kreuzlingen, ambayo imekaribiana kama ulimi na meno, sehemu ya ua uliotenganisha nchi hizo mbili iling'olewa na mahali pake pakasimamishwa sanamu mwaka 2007. Hata hivyo, Waswisi wanaokwenda kununua vitu kwa bei nafuu Ujerumani bado hupanga foleni kwenye meza ya forodha wapigiwe muhuri risiti zao. Ua umeondoka, ushuru haukuondoka.

Nimewahi kusafiri kwa treni iliyokuwa ikiingia Uswisi, nikiwa nimeketi karibu na bibi mmoja wa Kiswisi mwenye umri wa kutosha kuwa nyanya wa wajukuu wengi. Waliingia maafisa wawili wenye sare, mwanamume na mwanamke. Mimi niliulizwa nimebeba nini. Nikajibu kwamba nina vitabu vya Kiswahili na majani ya chai ya Kericho. Yule mwanamke alikichukua kitabu kimoja, akakifungua, akajaribu kusoma mstari kwa sauti, akacheka kwa kushindwa, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia bibi. Bibi alikuwa na kilo tatu za nyama mfukoni mwake, ilhali sheria ya Uswisi humruhusu mtu kilo moja tu kwa siku bila ya ushuru, na kila kilo inayozidi hutozwa franka 17. Bibi alinung'unika, akataja miaka yake na magoti yake, lakini alilipa na kupewa risiti. Hakuna aliyempandishia sauti, wala hakuna aliyemsamehe kwa sababu ni mwenyeji. Nilishuka kwenye treni hiyo nikiwa na heshima kwa maafisa wale wawili. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na siku hiyo niliuona ukikata.

Sasa na tutazame ni nini hasa kinachotafutwa katika masanduku yetu. Umoja wa Ulaya umekataza msafiri wa kawaida kutoka nchi kama yetu kuingia na nyama au vyakula vitokanavyo na maziwa. Maana yake ni kwamba nyirinyiri, samli na mursik, vitu ambavyo mama humfungia mwanawe kwa mapenzi makubwa, vitaishia pipani. Samaki waliotayarishwa huruhusiwa hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2. Kuhusu matunda na mimea, tangu Desemba, 2019 karibu kila kitu huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe halimo. Kijana anayebeba ndizi za Kisii atapita salama, na mwenzake mwenye embe la Malindi atanyang'anywa, nao wote wawili watashangaa.

Je, huku si kutuonea? La hasha. Sheria hizi zina sababu, na sababu zenyewe zapasa kufundishwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliikumba Uingereza, na zaidi ya wanyama milioni 6 wakachinjwa ili kuuzuia. Tena kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921. Mwaka 1957 ugonjwa huo ulizuka karibu na Lisbon baada ya nguruwe kulishwa mabaki ya chakula yaliyotoka katika ndege. Makombo ya sahani za abiria yaliwafilisi wafugaji. Mkulima wa Nakuru aliyepoteza ng'ombe kwa maradhi anaelewa jambo hili vyema kuliko mwanasheria yeyote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na afisa anayelitupa embe lenye funza wa nzi wa matunda anaziba ufa.

Isitoshe, afisa huyo huyo hutulindia mali yetu. Mwezi Julai, 1989 serikali ya Kenya iliteketeza tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na kabla ya mwaka huo kwisha mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe hizo baina ya nchi na nchi. Moto ule ungekuwa mchezo wa kuigiza laiti pasingekuwa na mtu katika bandari za mbali wa kufungua masanduku na kuuliza bangili hii imetengenezwa kwa nini. Ndovu wa Tsavo hamjui afisa huyo, lakini ana deni kwake.

Ningependa pia wanafunzi wajue kwamba sheria ya mpakani hubadilika, na hubadilika bila ya kumngoja msafiri. Mfano ulio karibu nasi ni miraa. Uswidi iliharamisha miraa mwaka 1989 na Denmark mwaka 1993, ilhali Uingereza na Uholanzi ziliendelea kuipokea kutoka Meru kama mboga nyingine yoyote. Kwa muda wa miaka mingi, bunda lililoshushwa London mchana kweupe, likalipiwa na kuandikiwa risiti, liligeuka kuwa dawa ya kulevya pindi lilipovuka bahari kuingia Scandinavia, na aliyelibeba akageuka kuwa mhalifu. Kisha Uholanzi ikaipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza ikafuata mwezi Juni, 2014. Tuwe tunakubaliana na marufuku hayo au hatukubaliani, mchukuzi anayedai mahakamani kwamba jana ilikuwa halali hatasikilizwa. Ndiyo maana namwambia kila kijana: usikubali kumbebea mtu mzigo usioujua, hata akiwa jirani, hata akiwa binamu. Forodhani hakuna mzigo wa mwenzio. Ulioushika ni wako.

Wala Wazungu hawakuepushwa na mabadiliko hayo. Uingereza ilipokamilisha kuondoka katika Umoja wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2020, raia wake walijikuta wageni mbele ya meza ambazo hawakuzijali tangu mwaka 1993. Mwezi Januari, 2021 televisheni ya Uholanzi iliwaonyesha maafisa katika bandari ya Hoek van Holland wakiwapokonya madereva wa Kiingereza mikate iliyotiwa nyama. Dereva mmoja aliomba angalau abakishiwe mkate, nyama iende. Akakataliwa. Wengi walicheka, nami nilicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na somo ndani yake: cheo cha mtu mpakani hakimo katika damu yake, kimo katika mikataba ambayo nchi yake imetia au imefuta sahihi.

Kwa walimu wa fasihi na uchumi, nina kisa kimoja kitakachowachangamsha wanafunzi. Geoffrey Chaucer, ambaye Waingereza humwita baba wa ushairi wao, aliteuliwa mwaka 1374 kuwa msimamizi wa hesabu za ushuru wa sufu katika bandari ya London. Miaka mia nne baadaye, mwaka 1778, Adam Smith, mtaalamu aliyekuwa ameandika kitabu mashuhuri cha kutetea biashara huru, aliteuliwa kuwa kamishna wa forodha mjini Edinburgh. Alipoipata orodha ya bidhaa zilizokatazwa nchini, alikwenda kuyatazama mavazi yake mwenyewe. Akagundua kwamba takriban kila tai, kila leso na kila nakshi ya mkono wa shati lake ilikuwa ya magendo. Alimwandikia rafiki yake barua akimweleza kwamba ameyachoma moto yote ili awe mfano mwema, na akamwonya asije akayachunguza mavazi ya nyumbani kwake, yakamfika kama hayo. Hicho ndicho kipimo cha afisa wa kweli. Kabla ya kufungua sanduku la mwenzake, alifungua lake.

Baada ya kusema hayo yote kwa upande wa sheria, sina budi kusema la upande wa pili, kwani nikilinyamazia nitakuwa nimewadanganya vijana.

Miaka michache iliyopita nilitua katika uwanja mmoja wa ndege barani Ulaya, ambao sitautaja. Wasafiri tulikuwa zaidi ya mia mbili, wa kila rangi, na karibu wote tulifuata njia ya kijani, ile ya wasiokuwa na cha kutangaza. Maafisa walisimama mwishoni mwa njia hiyo wakiwanyoshea kidole waliotaka kuwakagua. Tuliitwa kando watu saba. Wote saba tulikuwa weusi. Nilimwuliza afisa kwa upole ni kwa nini tumechaguliwa sisi. Akajibu kwamba ni bahati nasibu. Nikamwambia, "Basi bahati hii, Bwana, inawajua watu kwa sura." Hakunijibu. Alitoboa pakiti yangu ya unga kwa kijiti, akatikisa kitabu baada ya kitabu nilivyokuja navyo, kisha akaondoka bila ya neno, akaniacha na meza iliyojaa vitu vyangu.

Nyuma yangu alikuwa binti mmoja wa kutoka nyumbani, aliyekuwa akienda kuanza chuo kikuu. Mkoba wake ulikuwa umemwagwa mezani, vyeti vyake vya shule vikatawanyika na kimoja kikaangukia sakafuni. Alikuwa akikunja leso ambayo bila shaka mama yake ndiye aliyeikunja mara ya kwanza. Aliposikia nikimpa pole kwa Kiswahili, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, nimekosa nini?" Nilimwambia, "Hukukosa lolote, mwanangu." Tulikunja pamoja. Katika watu wale saba hapana hata mmoja aliyepatikana na kitu. Na wale mia mbili waliopita bila ya kutazamwa, nani ajuaye walibeba nini?

Hapo ndipo lilipo kosa, na si kosa la adabu peke yake. Ni kosa la kazi. Funza wa matunda hajui rangi ya aliyebeba embe. Maradhi ya mifugo hayaulizi nasaba. Afisa anayetazama nyuso badala ya kutazama mizigo hailindi nchi yake. Anawapa walanguzi habari njema kwamba wakimtumia mtu wa rangi inayofaa, njia ni nyeupe. Juu ya hayo, anamfundisha kijana mgeni, katika saa yake ya kwanza ugenini, kwamba huko aendako uso wake ni shtaka.

Lakini asidhani mtu kwamba hakuna pa kulalamikia. Mfano mmoja wapaswa kujulikana katika kila shule yetu. Tarehe 5 Februari, 2015, Mohamed Wa Baile, raia wa Uswisi mwenye asili ya Kenya, alikuwa akienda kazini asubuhi alipozuiwa na polisi katika kituo kikuu cha treni mjini Zürich. Walimtaka kitambulisho. Aliona kwamba amechaguliwa kwa rangi yake, akakataa. Alipekuliwa, kisha akatozwa faini ya franka 100. Wengi wangelipa na kusahau. Yeye alikwenda mahakamani, akashindwa, akakata rufani, akashindwa tena, hadi akafika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Tarehe 20 Februari, 2024 mahakama hiyo ilikata shauri kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa: alikuwa amebaguliwa, na mahakama za Uswisi hazikuyachunguza malalamiko yake ipasavyo. Ilimchukua miaka tisa. Waliomsimamisha walikuwa polisi, si watu wa forodha, lakini kanuni ni moja: mwenye mamlaka ya kusimamisha watu awe na sababu iliyo nje ya ngozi ya mtu.

Ufaransa nayo imetoa somo. Kwa miongo mingi sheria yake ya forodha, katika kifungu cha 60, iliwaruhusu maafisa kupekua mizigo, magari na watu bila ya kutoa sababu yoyote. Mwezi Septemba, 2022 Baraza la Katiba la nchi hiyo liliamua kwamba kifungu hicho kilikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa kiliwapa maafisa uwezo usio na mipaka dhidi ya uhuru wa raia. Bunge likalazimika kutunga sheria mpya mwaka 2023. Yaani wale waliokabidhiwa mipaka ya nchi waliwekewa mipaka wao wenyewe. Nadhani hakuna funzo la uraia lililo bora kuliko hilo.

Je, na sisi? Nyani haoni kundule. Twalalamika, na ni haki yetu kulalamika, juu ya kinachotupata ng'ambo. Lakini na tujiulize yanayompata mama mwenye gunia la mahindi au mtungo wa samaki katika mipaka yetu. Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Tuliufufua kwa mkataba wa mwaka 1999, na umoja wetu wa forodha ukaanza Januari, 2005. Upo utaratibu rahisi wa mfanyabiashara mdogo: bidhaa zilizoorodheshwa zenye asili ya nchi zetu, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani, hupita kwa cheti kimoja chepesi bila ya kutozwa ushuru wa forodha. Ni wangapi kati ya akina mama hao waliowahi kuelezwa kwamba wana haki hiyo? Wangapi bado huvuka kwa njia za panya, wakimwogopa mtu ambaye sheria ilimweka awahudumie? Na wangapi wameambiwa, kwa kauli au kwa jicho, kwamba mkono mtupu haulambwi?

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema wazi, katika kifungu cha 31, kwamba kila mtu ana haki ya faragha, ikiwamo haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake. Haki hiyo yaweza kuwekewa mipaka na sheria, na ukaguzi wa forodha ni mojawapo wa mipaka hiyo. Lakini mpaka wa haki si kaburi la haki. Tunachokidai kwa afisa wa Ulaya ndicho tunachopaswa kukitoa Busia, Malaba, Namanga na bandarini Mombasa: sababu, adabu, na risiti.

Kwa hivyo, natoa rai kwa walimu wenzangu. Tunawafundisha vijana majina ya mito na milima ya Ulaya. Na tuwafundishe pia malango yake. Mwanafunzi anayejiandaa kusafiri na ajue tofauti ya njia ya kijani na njia nyekundu, na kwamba aliye na shaka hufuata nyekundu na kuuliza, maana anayeuliza haitwi mlanguzi. Ajue kwamba bidhaa zinazozidi thamani ya yuro 430 kwa msafiri wa ndege hutozwa ushuru, na kwamba fedha taslimu zinazofikia yuro 10,000 sharti zitangazwe. Afungashe sanduku lake mwenyewe. Akiulizwa, ajibu kwa ukweli na kwa ufupi. Akiona ameonewa, asipige kelele wala asimguse afisa. Aombe jina au nambari yake, aandike siku na saa, kisha apeleke malalamiko kwa maandishi. Kalamu iliyotulia ilimfikisha Wa Baile mahali ambapo ghadhabu haingemfikisha.

Na nyinyi wanafunzi, kumbukeni kwamba baadhi yenu mtakuja kuvaa sare hiyo. Taifa hili litawahitaji watu wa kusimama langoni, na kazi hiyo ni ya heshima inapofanywa na mtu mwenye heshima. Siku hiyo mtakapomwona mgeni akitetemeka mbele yenu, na nyuma yake mkubwa akipita bila ya kuulizwa, mtakuwa na uamuzi wa kufanya. Fungueni masanduku yote yanayostahili kufunguliwa, la mgeni na la mwenyeji, la maskini na la waziri. Kisha msaidieni mwenyewe kukunja nguo zake.